Futi Haihukumu Mtu

Kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja karibu na soko, hapa Mpanda, dada mmoja alisimama mbele ya futi akavuta tumbo ndani. Fundi alikuwa ameshamzungushia futi kiunoni, ameishika kwa vidole viwili, lakini hakuandika namba. Alisubiri. "Pumua, dada," alisema. Dada akajibu bila kupumua: "Andika hiyohiyo, fundi. Mpaka siku ya sendofu nitakuwa nimekonda." Kitenge cha sare kilikuwa kimekunjwa mezani pembeni ya pasi ya mkaa. Sendofu ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Nimeanza na dada huyo kwa sababu hoja ninazotaka kuzijibu zilikuwa ndani ya pumzi ile aliyoizuia. Ninyi wasomaji mmezisikia: kwenye kicheni pati, redioni, kwenye mahubiri, kwenye vikao vya kamati ya harusi, hata kwa mama mkwe. Nami nimezisikiliza kwa miaka, na hapa nitazieleza kama wenyewe wanavyozieleza, bila kuzipunguzia nguvu. Kisha nitaonyesha zinapovunjikia. Msikubali kwa kuwa nimesema mimi. Pimeni.

Dai la kwanza ndilo mama wa mengine. Linasema nguo haina kosa. Zipu ikigoma katikati ya mgongo, kosa ni la mwili. Upunguze mwili, nguo itakukaa. Wanaolitetea wana hoja inayoonekana ya haki: saizi ni namba, na namba haina upendeleo, kwa hiyo mwili usiolingana na namba ndio uliotoka kwenye mstari. Basi tuulize namba hizo zilitoka wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliendesha kazi ya kuwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo zaidi ya hamsini, na mwaka 1941 Ruth O'Brien na William Shelton wakachapisha matokeo. Waliopimwa walijitokeza wenyewe na kulipwa kidogo, na vipimo vya wanawake wasio Wazungu havikuingizwa kwenye hesabu. Juu ya msingi huo likajengwa jedwali rasmi la saizi, lililotoka mwaka 1958. Humo, saizi 8 ilikuwa ya mwanamke mwenye kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu. Mwaka 1983 jedwali likafutwa, kila kampuni ikajipangia yake, na kadiri miaka ilivyokwenda nguo pana zikapewa namba ndogo ili mnunuzi atoke dukani amefurahi. Leo mwanamke aliyekuwa saizi 8 mwaka 1958 angepwaya ndani ya saizi 00.

Hiyo ndiyo namba isiyo na upendeleo. Na ushahidi mwingine hauhitaji vitabu, uko sokoni. Fungueni belo moja la magauni ya mtumba. La Uingereza limeandikwa 12. La Marekani lenye upana uleule limeandikwa 8. La Ufaransa limeandikwa 40. Mama mmoja, mwili mmoja, na kabla ya saa sita mchana ameshakuwa namba tatu. Nimemwona dada akirudisha gauni alilolipenda, lililomkaa vizuri mabegani, kwa kuwa tu kilebo cha shingoni kiliandika namba aliyoiona ni ya wanawake wanene. Hakuna aliyemwambia kwamba kilebo kile hakikuwahi kumpima mtu yeyote wa ukoo wake.

Fundi wetu hana saizi. Ana daftari la mistari lililochakaa pembe, na ndani yake kila mteja ana safu yake: bega, kifua, kiuno, hipsi, mkono, urefu. Futi inasema inchi 41. Haisemi ni nyingi.

Dai la pili linahusu adabu: nguo ya kubana ni uchi uliofunikwa, na anayejiheshimu havai nguo inayomchora. Wengi wanaolisema wananitakia mema, na sehemu ya maneno yao nakubaliana nayo. Kila mahali pana vazi lake. Siendi msibani na gauni la harusi. Nisichokubali ni neno lenyewe, "kubana", linavyotumika kana kwamba ni sifa ya kitambaa. Chukueni sketi moja. Mvalisheni binti mwembamba, apite mtaani Makanyagio mchana kweupe, hakuna atakayegeuka. Mvalisheni mdogo wake mwenye hipsi. Sketi ileile, mshono uleule, urefu uleule hadi chini ya goti, na kabla hajafika kona atakuwa ameambiwa anavaa vibaya. Kwenye sketi hakuna kilichobadilika. Kilichohukumiwa ni mwili wa mtoto aliyezaliwa hivyo, na yeye analijua hilo mapema kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana wasichana wengi wenye umbo hutembea wamefunga sweta kiunoni hata jua la mwezi wa kumi likiwaka.

Tuna kesi ya hadharani. Tarehe 1 Juni 2021, bungeni Dodoma, mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kulalamikia mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake, akamwonyesha mwenzake aliyevaa njano. Spika Job Ndugai akamtoa nje mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, akavae vizuri ndipo arudi. Alikuwa na blauzi ya njano na suruali ndefu nyeusi. Picha zikasambaa nchi nzima, na ubishi ukaenea nazo: wengine waliona suruali ya kawaida ya ofisini, wengine wakaona nguo isiyofaa. Wote walitazama picha moja. Kama kubana kungekuwa sifa ya kitambaa, macho hayo yangekubaliana, kama yalivyokubaliana bila ubishi kwamba blauzi ilikuwa ya njano. Sheria ambayo mtu hawezi kujua ameivunja mpaka aangaliwe na mwingine haimfundishi adabu. Inamfundisha kujiangalia kwa macho ya watu kutwa nzima.

Wapo wanaolisukuma dai hili mbele zaidi, na hapa mkoani kwetu Katavi wanafika huko haraka: mavazi ndiyo yanayowaponza mabinti zetu. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu jeraha ni la kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 ama wameshazaa ama ni wajawazito. Kwa taifa zima ilikuwa asilimia 27. Hakuna mkoa uliotuzidi. Sasa pimeni: sketi ya sare ya sekondari ya Mpanda na ile ya Moshi zinatofautiana nini? Hata gauni la nyumbani na khanga ya kufunga kiunoni ni zilezile. Nguo zikiwa sawa na idadi zikiwa mbali hivi, basi chanzo kitafutwe kwingine: umbali wa kwenda shule, vyumba vya kupanga vya wanafunzi wasio na mlezi, umaskini, ndoa za mapema, wanaume wazima wenye fedha za mavuno mkononi. Anayemwambia mtoto wa miaka 15 kwamba mwili wake ndio mtego amemwachilia mwanaume bila swali, na amemkabidhi mtoto woga wa kuubeba maisha yake yote. Mimi dai hili haliniudhi tu. Linanitisha.

Twende kwenye asili. Dai la tatu linasema tuache mavazi ya kigeni, turudi kwenye yetu, yaliyouheshimu mwili wa Mwafrika. Hili linanivuta, kwa sababu naipenda khanga. Khanga haina saizi. Jozi moja inamfunga mwali na bibi yake, mjamzito na aliyejifungua jana, na hakuna kati yao atakayeambiwa ameizidi. Lakini dai halisemi kwamba khanga inafaa. Linasema ipo asili moja ya kurudia, na hapo nauliza: ya nani? Mpanda ni mji wa Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao, Waha, na watu wa Katumba na Mishamo waliokimbia Burundi kuanzia 1972, wengi wao wakapata uraia. Khanga yenyewe ilizaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kule Zanzibar wanawake waliotoka utumwani waliivua merikani na kaniki wakajifunga khanga kuonyesha kwamba sasa ni watu huru. Ilikuwa fasheni mpya, ya watu waliochagua wenyewe waonekane vipi. Vitenge tunavyoviita vyetu vina ukoo na batiki za Java zilizoigwa na viwanda vya Uholanzi. Na tukitafuta kweli kilichokuwa cha huku kwetu, tutakuta kwamba upande wa Ufipa na Ziwa Rukwa watu walifuma nguo za pamba kwa mikono katika karne hiyohiyo ya 19, kabla vitambaa vya madukani havijaiua kazi hiyo. Sijamsikia mtetezi wa asili akitaka turudi hapo.

Dai hili lilishajaribiwa kwa nguvu ya dola, na lilijipinga lenyewe. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969, Dar es Salaam, sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana zilipigwa marufuku kwa kuwa ni utamaduni wa kigeni. Miaka ileile, tangu 1967, serikali ya chama hichohicho ilikuwa ikiwabana Wamaasai waache lubega na wavae suruali. Dada wa mjini aliambiwa vazi lake ni la kigeni mno. Mmaasai akaambiwa lake ni la kwao mno. Mkitafuta kanuni moja inayounganisha amri hizo mbili, mtakuta moja tu: kwamba mwili wa mtu ni wa mwingine kuuamulia.

Dai la nne nalisikia zaidi kwa wasomi. Kuuchukia mwili, wanasema, ni ugonjwa wa Wazungu wanaojinyima chakula. Sisi huku tunapenda mwanamke mwenye mwili, kwa hiyo shida hiyo hatuna. Itazameni sentensi yenyewe. "Tunapenda mwanamke mwenye mwili" ni kipimo tayari, na mwembamba ameshaanguka kabla hajasimama. Hapa mtu akipungua kilo tatu baada ya malaria, jirani anauliza kwa sauti ya chini kama ameshapima. Mwembamba ni kimbaumbau, mnene ni tipwatipwa, na katikati imewekwa shepu ya namba nane ambayo wachache sana wamezaliwa nayo. Hata "umenenepa" tunayoisema kwa upendo siku ya sikukuu imewahi kumfanya mtu aache kula ubwabwa mezani kwa mama yake, nimemwona. Halafu nendeni madukani. Vigodoro vya kuvaa ndani ya sketi, dawa za kuongeza makalio, mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi zimepigwa marufuku nchini, na bado mkorogo unauzwa kwa kunong'ona. Bidhaa haikai sokoni miaka yote hiyo bila wanunuzi, na mtu aliyeridhika na ngozi yake haiunguzi.

Na jamii kupenda miili minene si kinga. Fiji nako walisifu mwili mnene kwa vizazi. Televisheni ilipofika eneo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule, akarudia kwa wasichana wengine miaka mitatu baadaye. Mwanzoni hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.3. Sisi tuna simu mikononi, na ndani yake mamia ya picha za mishono ya vitenge, karibu zote zikivaliwa na umbo moja. Dada wa sendofu alimwonyesha fundi picha kama hiyo. Hakusema "nataka gauni hili." Alisema "nataka nionekane hivi."

Kuna wanaonijibu kwa hoja ya afya: ukiwaambia watu wavae wakiwa na amani na miili waliyo nayo leo, unabariki kisukari na presha. Hoja ni nzito na nia yake ni njema. Lakini imesimama juu ya dhana kwamba aibu hupunguza uzito, na dhana hiyo imepimwa. Watafiti wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwafuatilia watu wazima 2,944 kwa miaka minne. Waliobaguliwa kwa uzito wao waliongezeka kwa wastani wa karibu kilo moja. Wasiobaguliwa walipungua kidogo. Anayetaka watu wa Mpanda watembee jioni na kupunguza sukari kwenye chai ananipata upande wake kabisa. Ila mwenye aibu ya kuonekana na raba na suruali ya mazoezi hatoki nje.

Limebaki lile la fedha, na hili linaniuma kwa sababu linasemwa na watu wanaojua njaa. Mtindo ni wa matajiri, wanasema. Mkulima wa tumbaku au mpunga anahitaji nguo ya kumsitiri, basi, na Katavi ina matatizo makubwa kuliko gauni. Nakubali kwamba yapo makubwa. Sikubali kwamba hili ni dogo. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson na wenzake, Marekani, waliwapa wanafunzi mavazi ya kujaribu faraghani mbele ya kioo, wengine sweta, wengine vazi la kuogelea, kisha wakawapa hesabu wafanye. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya kuliko wenzao wa sweta, ingawa hakuna mtu aliyekuwa akiwaangalia. Kwa wavulana haikuwa hivyo. Nguo inayokufanya uuchunge mwili wako inakula akili uliyoihitaji kwa kazi nyingine. Sasa mfikirieni mwanafunzi anayevuta sketi chini kila anapoitwa ubaoni, au muuguzi ambaye kifungo cha kifuani kinaachia kila akiinama kwa mgonjwa, au mama anayepanda bodaboda na mtoto mgongoni ndani ya sketi isiyomruhusu kutanua mguu. Hao si matajiri, na kinachowasumbua si anasa.

Nao upande wa bei, dai limegeuza mambo. Anayetumia fedha nyingi ni yule asiyejua kinachomfaa. Ananunua blauzi kwa sababu mwenzake ilimpendeza, inakaa kwenye begi, ananunua nyingine. Wauzaji wanamwambia kujiamini kunanunuliwa, akiongeza moja tu atajipenda; miezi sita baadaye begi limejaa, na asubuhi ya Jumapili bado hana cha kuvaa. Anayejijua anakwenda mnadani na maswali machache. Nikiinua mikono, inapanda? Nikikaa, naweza kupumua na kula nikashiba? Shingo hii naipenda, au nataka tu niifiche? Fundi atapata inchi za kufungua pembeni? Hutoka na nguo moja, na huivaa mpaka rangi inapauka. Mama yangu alikuwa na magauni matatu ya kutokea, yote yamekatwa namna moja, shingo ya mraba na mkono wa kufika kiwikoni. Alikuwa na mikono minene akaipenda, na alilijua bega lake kuliko fundi yeyote. Mtaa mzima ulimtambua kwa mbali kabla hajakaribia kuamkia.

Mimi sikurithi utulivu ule. Baada ya kujifungua mtoto wa pili niliweka magauni manne kwenye sanduku, nikayaita ya "nitakaporudi". Nililifungua sanduku mara kwa mara nijaribu, na kila mara nilitoka chumbani nimenuna, watoto wakauliza mama amekasirikia nini. Mwaka jana niliyabeba yote kwa fundi yuleyule. Aliyageuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono mmoja mmoja. Mawili alikuwa ameyaachia inchi na nusu kila upande tangu siku alipoyashona, bila kuniambia. Akachukua wembe, akafumua, akapitisha mshono mpya. La tatu likawa blauzi. La nne halikuwa na akiba, nikampa mdogo wangu.

Dada wa sendofu naye aliishia kupumua. Fundi alisubiri mpaka tumbo liliporudi mahali pake, akaandika namba iliyokuja, akakata kwa namba hiyo, na akaacha inchi mbili ndani ya mshono.

Aliponipima mimi alifungua daftari, akatafuta safu yangu, akapiga mstari mmoja juu ya namba za zamani na kuandika mpya pembeni, na tarehe. Safu ile sasa ina tarehe tatu na jina moja.